"Tuzo ni za kujuana" na dhana nyingine zinazotuchosha wachapishaji

Orodha fupi ya tuzo ya uandishi, yaani ya waliobaki kuwania ushindi, ikishatangazwa tu, ujumbe huanza kumiminika: "Hizo tuzo ni za kujuana." Upendeleo upo duniani, hatubishi. Ila kwa miswada mingi tunayoulizwa habari zake, jaji hakupata hata nafasi ya kumpendelea mtu. Mswada ulianguka kwa katibu wa tuzo, kwenye ukaguzi wa masharti, kabla jaji hajaugusa.

Tuzo zinazopokea miswada kwa kawaida huagiza isomwe bila jina la mwandishi. Mwandishi anafuta jina kwenye jalada, analiacha juu ya kila ukurasa, kwenye tabaruku, kwenye shukurani na kwenye jina la faili lenyewe. Hata akisafisha kote huko, programu ya Word huhifadhi jina lake ndani ya taarifa za faili, na kila maoni ya mhariri pembeni yana jina la aliyeyaandika. Kwanza yakubali au yakatae masahihisho yote na uyafute maoni ya pembeni, kuyaficha hakuyaondoi. Kisha fungua menyu ya faili, ingia sehemu ya maelezo, endesha ukaguzi wa waraka na uondoe taarifa binafsi. Hapo ndipo utengeneze PDF, nayo uikague tena, kwa sababu PDF hurithi jina kutoka Word. Kazi yote haichukui hata dakika kumi.

Sharti la pili linaloangusha watu ni mwaka. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada pamoja na vitabu vilivyochapishwa ndani ya miaka miwili kabla ya mwaka wa tuzo. Mwandishi huhesabu tangu siku ya uzinduzi, siku ya keki na picha. Mkaguzi hufungua ukurasa wa hakimiliki na kusoma mwaka ulioandikwa hapo. Kitabu kilichochapwa Novemba kikazinduliwa Machi kimeshakula mwaka mzima kabla hakijasomwa na mtu. Ndiyo maana tunawasumbua waandishi wetu: kazi ikikamilika mwishoni mwa mwaka, subirini Januari, kitabu kitoke na mwaka mpya ukurasani. Wanaona tunachelewesha. Haya.

Kuna tuzo za miswada peke yake, kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitunukiwa Aprili 13, 2023. Huku usipeleke kitabu chenye ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu kilichochapishwa. Na kama umekwisha kuiuza riwaya yako kwa PDF kwenye makundi ya WhatsApp, waulize waandaaji kabla ya kuituma, maana huenda wakaihesabu imechapishwa. Kwa Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mambo ni kinyume: mwandishi hawezi kujipeleka, anayewasilisha ni mchapishaji, na kitabu ulichojichapishia mwenyewe hakipokelewi.

"Fulani ameteuliwa kuwania Nobel." Nani kasema? Majina ya wanaopendekezwa hufungwa kwa miaka 50. Anayetangaza uteuzi wake leo hana orodha rasmi ya kuuthibitisha.

"Ukidaiwa ada, ni matapeli." Pulitzer, tuzo maarufu ya Marekani, hutoza dola 75 kwa kila kitabu na hakuna anayeiita utapeli. Tazama kinachouzwa baada ya ada. Tuzo yenye vipengele mia, washindi kila kipengele, halafu unaambiwa ununue medali na cheti chako mwenyewe: hiyo ni duka.

"Mchapishaji anakula pesa za tuzo." Pesa hulipwa mwandishi, na kwa International Booker, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, pauni 50,000 hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri. Sisi faida yetu iko kwenye mauzo, yakiwepo.

Maana kuna nyingine: "Kikishinda kitajiuza." Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobel Oktoba 2021, riwaya yake Afterlives, iliyotoka Uingereza 2020, ilikuwa haijachapishwa Marekani, ilifika huko 2022. Wasomaji walikuwapo, kitabu hakikuwapo. Kwa mchapishaji mdogo mwenye nakala mia tatu ghalani hali huwa ngumu zaidi, kwani shehena inayochapwa India au China husafiri kwa meli wiki kadhaa, na hamu ya wanunuzi haingoji meli. Orodha fupi ikitoka, hesabu nakala siku hiyohiyo na uulize bei ya kiwanda cha karibu, hata kama ni ghali. Jalada usilichape upya. Chapisha stika ya duara ubandike nakala zilizopo, baada ya waandaaji kuidhinisha maneno yake. Aliyeingia orodha fupi akibandikwa "Mshindi", utazibandua zote kwa mkono, na gundi ya stika za bei nafuu huondoka na rangi ya jalada.