Jicho la Paka Lililokuwa Mlango wa Konokono

Kipande cheupe cha mviringo, katikati kijani kama mboni, kwenye pete ya fedha. Muuzaji anaapa kwamba ni jicho la paka, jiwe la thamani. Jiwe la jina hilo lipo kweli, lakini huchimbwa ardhini. Hiki kilikuwa mlango. Konokono wa bahari wa jenasi (kundi la jamaa wa karibu) ya Turbo, wenye gamba lililozungushwa kama kilemba, hubeba mguuni kifuniko kigumu cha chokaa. Wakijivuta ndani, hujifungia nacho. Chenye mboni ya kijani ni cha Turbo petholatus. Kama pete haijaziba nyuma, kigeuze: utaona mstari unaojizungusha kutoka kitovuni. Jiwe halina mstari huo.

Wengine husema konokono akikua huhama gamba. Sivyo. Gamba ni sehemu ya mwili wake, naye huliongeza ukingoni mwa mdomo kadiri akuavyo. Anayehama ni kaa mwenye tumbo laini, ajichomekaye katika makombe matupu. Ndiyo maana kujaza mfuko makombe ya ufukweni si jambo la bure kama tunavyodhani: huenda umembebea mtu nyumba.

Na ule mng'ao wa magamba ya Turbo yauzwayo dukani, je, konokono huzaliwa nao? Turbo marmoratus, mkubwa kuliko wote, hufikia karibu sentimita 20, na bahari yetu ya Afrika Mashariki ni sehemu ya makao yake. Akiwa hai ni kijani chenye mabaka, mara nyingi amefunikwa na uchafu wa mwambani. Tabaka la lulu liko ndani; nje hung'aa baada ya kukwanguliwa. Mafundi wa Japani wamepamba vyombo kwa tabaka hilo tangu karne nyingi zilizopita.

Wengine huogopa kwamba Turbo ana sumu. Hana. Wanaoweza kuua ni baadhi ya konokono koni, jamii nyingine yenye gamba la umbo la pia. Turbo hula mwani.

Lakini kosa ninalolipenda zaidi ni la wataalamu wenyewe. Wajapani humchoma sazae, konokono mwingine wa jenasi ya Turbo, ndani ya gamba lake na kumla, na kwa miaka mingi vitabu vilimwita Turbo cornutus. Mwaka 2017 Hiroshi Fukuda wa Chuo Kikuu cha Okayama alionyesha kuwa jina hilo ni la jamaa yake wa China. Sazae, anayejulikana kila soko la samaki, hakuwa na jina halali la kisayansi. Akaitwa Turbo sazae, awe na miiba au asiwe nayo.