Sindano ya goti, tramadoli na dripu: anayokosea mshiriki wa triathloni aliyeumia

Kila msimu wa mbio ndefu za triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) unapokaribia, maswali yanayoletwa kwetu hufanana. Mshiriki amelipa ada na kukata tiketi ya kwenda mbio za Rubavu, Rwanda, au Ulaya, kisha goti au kano ya kisigino inaanza kumsumbua. Amepata daktari wa kumchoma sindano "ili amalize tu", na anauliza kama inaruhusiwa. Jibu linategemea ni dawa gani, imechomwa wapi mwilini na lini. Mara nyingi anayeuliza hajui hata jina la dawa ambayo tayari imo mwilini mwake.

Tangu 1 Januari 2022, chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, sindano zote za jamii ya kotisoni (dawa za kutuliza uvimbe na maumivu) ni marufuku wakati wa mashindano: za ndani ya kiungo, za kandokando ya kano, za msuli na za mshipa wa damu. Kabla ya hapo sindano ya goti iliruhusiwa, ndiyo maana bado wapo madaktari wazuri wanaowahakikishia wagonjwa wao kwamba hakuna shida. Wakati wa mashindano huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio, si pale king'ora cha kuogelea kinapolia. Siku za kusubiri, yaani zinazopaswa kupita kati ya kutumia dawa na mashindano ili itoke mwilini, huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia saa hiyo.

Kwa sindano ya kiungo au ya kandokando ya kano, muda huo ni siku 3, isipokuwa triamsinoloni, prednisoloni na prednisoni ambazo ni siku 10. Kwa sindano ya msuli, yaani ile ya takoni, deksamethasoni, betamethasoni na methilprednisoloni ni siku 5, prednisoloni na prednisoni siku 10, na triamsinoloni siku 60. Ndiyo, sitini. Mtu aliyechomwa triamsinoloni takoni wiki sita kabla ya mbio bado yumo ndani ya muda huo. Vidonge ni siku 3, vya triamsinoloni siku 10. Krimu za ngozi haziguswi na katazo hili.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, nayo imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu 1 Januari 2024. Kuipata dukani bila cheti cha daktari hakuiondoi kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Morfini, pethidini na oksikodoni zilikuwamo kabla yake. Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki na dawa ya ganzi ya lignokaini hazimo.

Sasa kibali. Barua ya daktari si kibali. Cheti cha dawa si kibali. Ujumbe wa simu kutoka kwa mtaalamu wa viungo ndio kabisa. Kibali cha matumizi ya dawa kwa matibabu hutolewa na kamati ya madaktari, na ombi hupelekwa kwenye shirika la taifa la kupambana na dawa hizo (nchini Kenya ni ADAK) au, kwa wanamichezo wa kiwango cha kimataifa, kwenye shirikisho lao. Liwasilishwe angalau siku 30 kabla ya mbio. Kamati ina siku 21 za kuamua, nazo huanza kuhesabiwa siku faili linapokamilika, si siku ya kutuma fomu tupu. Faili kamili lina fomu iliyosainiwa na mwanamichezo na daktari, historia ya jeraha, ripoti ya ultrasaundi au MRI, jina la dawa, kipimo, njia ya kuitoa na tarehe, pamoja na maelezo ya kwa nini tiba zinazoruhusiwa hazikutosha. Kipengele hicho cha mwisho ndicho huachwa wazi, na ndicho kinachorudisha mafaili mengi. "Mgonjwa anataka kushiriki mbio" si sababu ya kitabibu.

Mshiriki wa kujifurahisha anaweza kuomba baada ya kupimwa. Hilo limegeuzwa kuwa kinga, na sivyo lilivyo: vigezo ni vilevile, na ombi likikataliwa matokeo yake hufutwa. Kotisoni na tramadoli ziko kundi ambalo adhabu yake ya kawaida ni kufungiwa miaka 2, na huwa 4 ikithibitishwa kuwa alikusudia. Inaweza kupungua hadi onyo kulingana na kiwango cha uzembe. Kukataa kutoa sampuli kwa kawaida ni miaka 4 (kwa mshiriki wa kujifurahisha, kuanzia onyo hadi miaka 2), na kufungiwa ni kwa michezo yote iliyo chini ya kanuni za WADA, mazoezi ya klabu yakiwamo.

Kuhusu jeraha lenyewe. Maumivu yapimwe kwa alama 0 hadi 10. Kwa kano, yakifika 3 mazoezini na kutulia kufikia asubuhi inayofuata, mtu anaweza kuendelea. Yakizidi 5, au mwendo ukibadilika kuwa wa kuchechemea, asimame. Maumivu ya kinena yanayozidi kila mguu ukanyagapo chini ni suala la picha kwanza, kwani mfupa wa paja wenye ufa unaweza kuvunjika kabisa njiani. Mwenye kano ya kisigino asogeze vibano vya viatu vya baiskeli nyuma kidogo kuelekea katikati ya unyayo ili kupunguza kazi ya misuli ya ndama, na avae kiinua kisigino cha takriban milimita 10, ambacho amekwisha kukimbilia mazoezini. Mkanda wa kubandika hubanduka majini, kwa hiyo mwingine uwekwe kwenye mfuko wa vifaa vya kubadilishia baada ya kuogelea. Kuchoma kotisoni ndani ya kano hiyo hatushauri hata muda wa kusubiri ukitosha, maana inaweza kukatika.

Kuruhusiwa kwa ibuprofeni na diklofenaki hakuzifanyi salama siku hiyo. Katika joto na upungufu wa maji, damu inayofika kwenye figo hupungua, na figo hujilinda kwa kemikali ambazo dawa hizi huzizuia. Pia huongeza hatari ya chumvi ya damu kushuka kwa anayekunywa maji kupita kiasi. Ziachwe tangu siku moja kabla ya mbio hadi baada yake, mkojo ukiwa umerudi kawaida. Parasetamoli isizidi gramu 1 kwa mara moja na gramu 4 kwa saa 24.

Na dripu, ambayo wengi huidai wakifika mwisho kana kwamba ni sehemu ya ada. Zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni marufuku wakati wowote, isipokuwa katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Hema la huduma ya kwanza si hospitali. Ambaye chumvi ya damu yake imeshuka anaweza kudhurika zaidi kwa dripu ya kawaida, hivyo damu ipimwe kwanza. Ikilazimu kuokoa maisha, itundikwe bila kusubiri mtu, kisha kibali kiombwe mara moja.

Fomu ya kupimwa huuliza dawa za siku 7 zilizopita. Sindano ya wiki tano nyuma iandikwe pia, na ripoti ya aliyeichoma ihifadhiwe, kwa sababu sampuli inaweza kupimwa upya hadi miaka 10.