Hivi wakili anawezaje kumtetea mtu ambaye mtaa mzima unasema kaua?

Juzi hapa Arusha kwenye Hiace ya Ngaramtoni watu walikuwa wanabishana kuhusu kesi ya mauaji, mama mmoja akasema yule wakili wa utetezi naye angefungwa tu, maana anajua kabisa jamaa kaua na bado anasimama kumtetea. Gari zima likaitikia, mpaka konda. Mi nilikaa kimya kwa sababu jibu lake ni refu kuliko safari ya kutoka Kilombero hadi Sakina.

Kwanza, mara nyingi huyo wakili wala hakuitafuta hiyo kesi. Kesi ya mauaji haina dhamana, na ukikutwa na hatia sheria ina adhabu moja tu, kunyongwa, kwa hiyo mshtakiwa asiye na hela mahakama inampangia wakili na serikali ndo inamlipa, tena hela ambayo mawakili wenyewe wanaicheka. Unakuta kijana hana muda mrefu tangu amalize Law School, anapewa faili, anaenda gereza la Kisongo kuonana na mtu ambaye amekaa mahabusu muda mrefu anasikia wimbo uleule, upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa, rudi kwenye karandinga.

Halafu kazi yake sio kusema mteja ni mtu mwema. Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na wa kuthibitisha ni Jamhuri, yani upande wa mashtaka. Sasa shahidi kapanda kizimbani, "nilimuona kwa macho yangu." Saa ngapi? Saa nane usiku. Mwanga gani? Koroboi. Ilikuwa chini au juu ya meza? Mlikuwa mbali kiasi gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Kama ulimfahamu, mbona siku ileile polisi hukumtaja jina? Watu wa nyuma wanaguna, wanaona anamsumbua mfiwa, ila yale maswali hajayatunga yeye. Mahakama ya Rufani iliyaweka 1980 kwenye shauri la Waziri Amani, ikasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana na usitumike mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uondoke. Koroboi inaweza kumnyonga mtu, ujue.

Na mteja akimnong'oneza "ndio, ni mimi"? Hapo ndo patamu. Wakili haruhusiwi kuitoa hiyo siri, ila pia hawezi kumpandisha kizimbani adanganye kwamba usiku ule alikuwa Moshi kwenye msiba. Anachobaki nacho ni kupima ushahidi wa upande wa pili, basi.

Moshi nayo ina yake. Kesi moja ya mauaji iliyohukumiwa kule ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hii hapa Arusha, na tarehe 28 Novemba 2019 majaji wakasema adhabu ya lazima ya kifo inavunja haki ya kuishi kwa sababu jaji hapewi nafasi ya kuangalia mazingira ya kila mtu. Wiki moja kabla, Tanzania ilikuwa imeshapeleka barua ya kuondoa tamko linaloruhusu mwananchi kwenda pale mwenyewe kuishtaki nchi yake, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa, yani unaishi mtaa wa pili na mahakama na huwezi kufungua kesi.

Ila mfano mkubwa zaidi ulikuwa pale AICC, jengo la mikutano ya kimataifa hapa Arusha. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilishtaki watu 93 mpaka inafungwa mwisho wa 2015, na hao ni watu ambao dunia nzima ilishawahukumu kabla hawajafungua mdomo. Waliotiwa hatiani ni 62. Walioachiwa huru ni 14, baada ya mawakili kuuliza maswali ya aina ileile ya koroboi. Baadhi yao walibaki hapahapa Arusha miaka na miaka kwenye nyumba yenye ulinzi kwa kukosa nchi ya kuwapokea, mpaka Desemba 2021 watu 8, walioachiwa huru na waliomaliza vifungo, wakapelekwa Niger, na kabla mwezi haujaisha Niger ikawaambia waondoke.