Rudisheni themostati: dhana potofu kuhusu magari ya zamani huku Nyanda za Juu Kusini

"Fundi, hili halina themostati. Niliing'oa ili lisichemshe."

Maneno haya nayasikia kwa mwalimu mstaafu mwenye Peugeot 504, kwa kijana aliyerithi Land Rover ya babu yake huko Tukuyu, na kwa wenye Land Cruiser za miaka ya themanini waliokwisha kutumia fedha nyingi kuzitunza. Wote huyasema kwa fahari, kana kwamba wameliokoa gari. Nimechoka kuyasikia, kwa hiyo leo jambo hili nitalieleza mpaka liishe.

Wanavyoamini ni kwamba themostati, ile vali ndogo ya kuongoza maji yanayopoza injini, inaziba maji, na maji yakizibwa injini inachemsha, basi iondolewe maji yatembee. Ukweli ni kwamba themostati huzuia maji kwenda kwenye rejeta, yaani kipozeo cha maji kilicho mbele ya gari, wakati injini bado ni ya baridi tu. Ile iliyogongwa namba 82 huanza kufunguka maji yakifika nyuzijoto 82, na ya 88 hali kadhalika. Injini imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto hilo, ili pistoni zitanuke na kukaa sawasawa ndani ya silinda, petroli igeuke mvuke badala ya kuteremka ukutani na kuosha oili, na unyevu ulioingia kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, ukauke.

Sasa tazama tunakoishi. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Juni unatoka Forest hadi Mwanjelwa, unazima gari, jioni unarudi. Bila themostati, injini hiyo haipati joto lake hata mara moja. Choki inavutwa muda mrefu, petroli inakwisha haraka, ringi na silinda zinalika kimyakimya.

Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata. Mwenye gari anafungua mfuniko wa kuwekea oili, anakuta ute wa rangi ya maziwa. Anaambiwa gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekufa. Hedi inafunguliwa, inapelekwa kuchongwa, analipa, na baada ya wiki chache ute umerudi palepale. Mara nyingi gasketi ilikuwa nzima. Ule ulikuwa unyevu uliochanganyika na oili kwa kukosa joto la kuukausha. Kabla hujakubali hedi ifunguliwe, chomoa kijiti cha kupimia oili. Kama oili ya pale ni safi na maji ya rejeta hayapungui, weka themostati, nenda na gari Tukuyu na kurudi, ndipo ufungue tena mfuniko utazame.

Tena yapo magari ambayo ukiing'oa themostati ndiyo yanachemsha. Themostati ya Toyota nyingi za zamani, Land Cruiser za dizeli zikiwemo, ina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikishapata joto, kisahani hicho huziba njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo ndani. Mjini huwezi kuliona hilo. Panda Kawetire kuelekea Chunya ukiwa na mzigo, halafu angalia mshale wa joto.

Kama gari lilichemsha, lilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo haikuondoka na themostati. Rejeta imejaa kutu kwa kunyweshwa maji matupu miaka yote bila kulanti, dawa ya kuzuia kutu. Fenibeliti imelegea. Au ni mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo ambacho watu wa milimani tungepaswa kukijali kuliko watu wa Pwani. Maji ya Mbeya huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Juu Kitulo, mita 2,600, ni kama 91. Mfuniko mzima wenye namba 0.9, yaani kipimo cha presha kwa bar, hubana presha na kuyafanya maji yavumilie zaidi ya nyuzijoto 110. Mpira wake ukikauka, kinga hiyo yote imepotea, na gari linachemka kwenye joto ambalo lingekuwa salama kabisa. Nunua mfuniko wenye namba inayotakiwa na gari lako kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Wapo wanaojaribu kupima themostati kwenye sufuria, na hilo nalipenda. Ila wengi wanaitupa iliyo nzima. Themostati ya 88 hufunguka kabisa maji yakizidi hapo kwa nyuzijoto kumi au zaidi, na sufuria yako ya Mbeya inaishia 94. Ikianza kuachia tu maji yakikaribia kuchemka, hiyo ni nzima. Ifunge kwa uzi isiguse chini ya sufuria.

Mengine nitayapitia haraka.

"Injini ya zamani inataka oili nzito zaidi." Oili ya 20W-50 inazitosha nyingi, na kitabu cha gari kitakuambia. Anayeongeza oili ya giaboksi ili moshi upungue anaficha ugonjwa, na asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kupanda hadi kwenye roka, mikono inayofungua vali juu ya injini, na wakati wa kuwasha ndipo injini inapolika zaidi.

"Land Rover haili kutu, ni aluminiamu." Bodi ndiyo aluminiamu. Chesisi ni chuma, na tope la Rungwe likijikusanya ndani yake linakaa na unyevu miezi mizima. Acha kupaka oili chafu juu ya tope. Lala chini ya gari, zibua matundu ya kutolea maji ya chesisi kwa waya, piga maji mpaka yatoke safi, acha likauke, ndipo ufikirie kupaka kitu.

"Lilipokuwa Dar lilikuwa na nguvu, huku limechoka." Halijachoka. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kabureta isiyo na tabo, kile kipulizi cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake kwenye mwinuko wetu. Kabureta iliyopimwa Dar huku inatoa petroli nyingi kuliko hewa, ndiyo maana plagi zinatoka nyeusi. Ipimwe upya hapahapa, na pointi za distributa zikaguliwe siku hiyohiyo. Usikubali kufunguliwa injini kwa sababu hiyo.

La mwisho linaua watu. Kuna madereva wanaoteremka Iwambi, Inyala, hata Kitonga, gia ikiwa frii, eti wanabana mafuta. Petroli inayookolewa ni kidogo mno, na uzito wote wa gari unabaki kwenye breki peke yake, ambazo kwenye magari mengi ya umri huu ni za ngoma, walau za nyuma. Ngoma ikipata moto sana haikamati tena, hata ukanyage kwa miguu yote miwili. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ilizuie gari, breki uziguse kwa vipindi. Na mafuta ya breki nayo yanazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewani. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishavuta maji kiwango hicho hushuka hadi 140 hivi, na yakichemka pedali inazama mpaka sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, fanya hivyo kabla hujalipeleka gari Kitonga.