Filamu fupi ya injili haihitaji kamera ya mamilioni

Vikundi vingi vya vijana makanisani hapa Moshi huahirisha filamu yao wakisubiri mfadhili wa kamera. Inaniuma, kwa sababu simu nyingi za siku hizi hurekodi video ya 1080p, yaani picha safi ya HD kamili, na hiyo inatosha kabisa kwa YouTube na hata kwa projekta ya ukumbini.

Kinachomchosha mtazamaji ni sauti mbovu. Ukumbi wenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, maombi yakasikika kama yanatoka ndani ya pipa. Tandikeni mablanketi chini, pale ambapo kamera haioni, na mengine myatundike nyuma yake. Simu ya pili irekodi sauti tu, ikiwa mfukoni mwa shati la mwigizaji. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kwa kofi hilo mtaoanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Na masika, msipange mazungumzo chini ya bati!

Mwanga ni bure, ila epukeni jua la saa sita, linaloangukia utosini na kutia kivuli machoni.

Hadithi nayo iwe ya hapa. Kijana anarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, Krismasi baada ya kugombana na baba yake. Haongei. Anamnyooshea jani la isale, ishara ya Kichagga ya kuomba radhi. Mchagga yeyote ataelewa, na jani linachumwa uani.

Fedha kidogo mliyo nayo inunue maiki ya kubana shatini na chakula cha waigizaji.