Gregoriani haina sauti nne

Nimeshalisikia mara nyingi, na safari hii ilikuwa kwenye jubilei ya padre mmoja hapa Mtwara mjini. Mshereheshaji kashika kipaza sauti, kaomba utulivu, akatangaza kwamba sasa kwaya ya kina baba itatuimbia "gregoriani ya sauti nne". Makofi. Kina baba wakaimba vizuri mno, hapo sina neno. Ila walichoimba si gregoriani, na hiyo gregoriani ya sauti nne haipo duniani.

Maana yenyewe ni fupi. Gregoriani ni wimbo wa ibada wa Kanisa la Kilatini unaoimbwa kwa sauti moja, bila mapigo ya kuhesabu. Maneno ndiyo yanayoamua wapi pa kwenda haraka na wapi pa kupumua. Waimbaji wawe watatu au mia, wote wako kwenye nota ileile. Kilichoimbwa kwenye jubilei ni mpangilio wa sauti za wanaume wenye kufuata muziki wa kale: mtu amechukua wimbo, akaugawa kwa teno wa kwanza, teno wa pili, baritoni na besi (kuanzia sauti ya juu ya wanaume hadi ya chini kabisa), akitumia mbinu za watunzi wa Ulaya wa kabla ya 1600 hivi. Ndani yake panaweza kuwa na wimbo wa gregoriani, na panaweza pasiwe nao kabisa.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye Kilatini. Mtu akisikia wanaume watupu, wanaimba taratibu, maneno hayaeleweki, na fundi mitambo kaongeza mwangwi kwenye spika, kwake hiyo ni gregoriani tayari. Lakini lugha haiamui kitu hapo. Kyrie yenyewe, ile Bwana utuhurumie, ni maneno ya Kigiriki. Wala ukale hauamui. Ile Misa ya Malaika, ambayo wazee wengi waliokua kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano bado wanaijua kwa moyo, Gloria (Utukufu) yake ni ya karne ya 16, na Kanuni ya Imani inayozoeleka kuimbwa pamoja nayo ni ya karne ya 17. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia 590 hadi 604, hakuisikia hata siku moja. Hata zile nyimbo kongwe zaidi zinazobeba jina lake zilikomaa baada yake, karne ya 8 na ya 9, kwenye milki ya Wafranki, wakati wimbo wa Roma ulipokutana na wimbo wa Galia (Ufaransa ya leo) chini ya mfalme Pépin na mwanawe Charlemagne. Jina la Papa liliwekwa juu ya nyimbo hizo, likashika. Kinachoifanya Misa ya Malaika ihesabiwe kwenye kundi hilo ni kwamba ni mstari mmoja wa sauti, wenye mwendo wa aina hiyo. Basi.

Anayetaka kuelewa mstari mmoja maana yake nini afikirie sala za watawa. Wabenedikto wapo Ndanda tangu 1906, na desturi ya shirika lao popote walipo ni zaburi kuimbwa kwa pande mbili zinazopokezana: upande huu ubeti, upande ule ubeti. Hakuna anayetafuta sauti ya tatu. Hakuna anayepandisha mwishoni ili watu waseme loo.

Hapa naomba nitoke kidogo njiani, maana jambo hili kwaya zetu hazilijui ilhali linazihusu. Nyimbo hizo zilianza kuandikwa kwa alama ndogo juu ya maneno, alama zinazosema sauti ipande au ishuke bila kusema kwa kiasi gani. Karne ya 11 mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, akazipangia mistari, na ili kuwafundisha vijana akatumia utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande chake kinaanza nota moja juu ya kilichotangulia. Silabi za kwanza za vipande hivyo ni ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover na John Curwen wakazifanya herufi, na wamisionari wakazisambaza. Kwa hiyo mwimbaji wa Masasi anayenakili d r m f s kwenye daftari lake ana kipande halisi zaidi cha muziki wa kale mkononi, kuliko yule anayeimba Kilatini asichokielewa.

Turudi kwenye sauti nne. Karne ya 9 tayari kuna maandishi yanayoeleza namna ya kuuongezea wimbo sauti ya pili: mmoja anaimba gregoriani, mwenzake anamfuata nota nne au tano chini yake, bega kwa bega. Waliuita organumu. Jijini Paris, kwenye kanisa kuu la Notre-Dame, watunzi Léonin na baada yake Pérotin wakaendelea mbali. Karibu na 1198 Pérotin alishafikisha sauti nne. Wimbo wa gregoriani ulikuwa chini, umenyooshwa, silabi moja ikishikiliwa muda mrefu huku sauti za juu zikicheza. Huyo aliyeshikilia ndiye aliyeitwa teno, mshikaji, wala hakuwa na kazi ya kupaa kama teno wetu wanavyodhani. Sauti nne zilikuwapo, basi, miaka 800 iliyopita. Lakini wenyewe hawakuuita muziki huo gregoriani, kwa sababu walijua kipi kimo ndani ya kipi. Muhogo ukitiwa nazi, muhogo umo, ila hakuna mama ntilie wa Lindi atakayekuuzia kwa jina la muhogo wa kuchoma.

Kanisa lenyewe linavitenganisha. Hati ya Mtaguso kuhusu liturujia, ya 1963, inaipa gregoriani nafasi ya kwanza, kisha inasema aina nyingine za muziki mtakatifu, hasa wa sauti nyingi, hazikatazwi. Kama vingekuwa kitu kimoja, sentensi ya pili isingehitajika.

Sasa kwa nini kwaya za wanaume zinaupenda sana muziki wa kale? Watu husema ni kwa sababu ya uzito, heshima, sijui nini. Sababu kubwa ni nafasi. Kwaya ya wanaume na wanawake ina oktava tatu na zaidi za kujitandaza (oktava ni umbali wa kutoka d hadi d ya juu yake). Wanaume peke yao, kuanzia besi wa chini hadi teno wa juu, wana kama mbili na nusu. Ukichukua wimbo wa kawaida wa sauti nne ukawabana humo, d na m zinakaa jirani huko chini kwa besi, na nota za chini zikikaribiana hivyo zinagongana. Unasikia mngurumo, husikii wimbo. Watunzi wengi wa kale waliandika kwa ajili ya wanaume tangu mwanzo. Walipenda d na s, d na d ya juu, au besi akae kwenye nota moja muda wote wengine wakitembea juu yake. Nafasi ndogo, lakini hewa inapita. Mpangaji anayejua kazi yake huiga hilo kabla hajaiga kitu kingine chochote.

Na hapo ndipo pana ugomvi wa m. Kwenye mpangilio wa namna hii, nota ya mwisho mara nyingi huandikwa hivi: besi d, baritoni s, teno wa pili d ya juu, teno wa kwanza s ya juu. M hakuna. Karne za kati d na m zilihesabiwa kuwa na mapatano ya daraja la pili, hayakutosha kufungia wimbo. Wimbo ulifungwa kwa nota tupu, yaani d na s bila m, na imechukua mpaka karne ya 15 na ya 16 m kuanza kukaribishwa mwishoni. Sasa wape karatasi hiyo kina baba wa kwetu. Masikio yao yamelelewa na tenzi ambazo kila mstari unaisha kwa m iliyonona. Baritoni mmoja atainua mkono:

"Mwalimu, hapa m imesahaulika."

"Haijasahaulika, mzee wangu. Iache hivyo hivyo."

Atasema sawa. Jumapili m imerudi, tena kwa sauti kubwa, na jirani yake kaongeza nyingine. Wimbo uliokuwa ukining'inia kama mlango ulioachwa wazi sasa umekuwa tenzi ya kufungia ibada. Siwalaumu, kuweka m ni akili ya mwimbaji anayesikiliza wenzake, na kwenye wimbo mwingine ningempongeza. Ila ukitaka kujua kama kwaya imeuelewa mpangilio wa kale, usisikilize Kilatini chao. Sikiliza nota ya mwisho.

Vivyo hivyo kwa d. Nyimbo nyingi za gregoriani hazitulii kwenye d. Zinatua kwenye r au kwenye m. Mpangaji mwenye haraka huona kama zimeishia njiani, akaziongezea hatua moja au mbili zifike "nyumbani". Akishafanya hivyo amefuta kilekile kilichomvutia. Kuhusu kinanda kuwashiwa mdundo chini ya wimbo usio na mapigo, nitanyamaza, maana nina marafiki wapiga vinanda.

Kuna pia tabaka la tatu, na hili ndilo linalowapoteza hata waalimu. Ni utunzi mpya unaonukia ukale. Arvo Pärt wa Estonia alitumia miaka akijifunza gregoriani na polifonia (muziki wa sauti nyingi) ya kale, kisha mwaka 1980 akaandika De profundis kwa kwaya ya wanaume, ogani na ala za kugonga. Ukiisikia utaapa kwamba ni ya monasteri ya zamani, kumbe kila nota ni yake. Maurice Duruflé wa Ufaransa alifanya kinyume: misa yake ya 1966 inaitwa Cum jubilo, imejengwa juu ya misa ya gregoriani yenye jina hilo, na kwaya ni ya mabaritoni wanaoimba wote mstari mmoja. Sauti moja, wanaume, wimbo wa gregoriani ndani yake. Hata hiyo nayo si gregoriani, kwa sababu chini kuna ogani au okestra inayosema mambo yake, na mistari imepimwa upya kwa mkono wa mtunzi. Ave Maria ya Mjerumani Franz Biebl, inayopendwa na kwaya za wanaume kila pembe, ina waimbaji wa pekee wanaoyatoa maneno ya sala ya Malaika wa Bwana kama padre altareni, kisha kwaya inajibu kwa sauti tele. Ni ya karne ya 20.

Kwa hiyo ndugu zangu washereheshaji, na nyie mnaochapa karatasi za misa, sitaki makubwa. Kama wimbo ni wa aina hiyo, usio na mapigo, wanaume wote wako kwenye mstari mmoja na hakuna kinachowasindikiza, semeni gregoriani kwa raha zenu, hata maneno yakiwa ya Kiswahili. Zikisikika hata sauti mbili tu, semeni "wimbo wa kale uliopangwa kwa sauti za wanaume". Na kwenye karatasi, pale mnapopenda kuandika "Mtunzi" kisha jina la mwalimu wa kwaya, ikiwa wimbo wa gregoriani umo ndani yake, andikeni "Wimbo: gregoriani", na chini yake "Mpangilio:" ndipo jina lake lifuate. Mwalimu hatapungukiwa kitu. Kupanga sauti nne ndani ya oktava mbili na nusu ni kazi, na akiwa muungwana atawaambia mwenyewe kwamba wimbo aliukuta.