Kabla ya kuilaumu kinga ya mwili, pima mbegu

Siku hizi wanaume wanaofika maabara hapa Tanga huja na swali lililokwisha kuiva: "Nimesoma kwenye simu kwamba mwili unaweza kuzishambulia mbegu zake wenyewe. Naomba nipimiwe hicho." Ni kweli, unaweza. Ila kwa mtu anayetafuta mtoto, hicho si kipimo cha kuanza nacho, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni kusoma manii kwenye hadubini.

Kinga ya mwili hujifunza mapema sana, tangu tumboni na utotoni, kipi ni chake na kipi ni kigeni. Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo protini zilizo juu yake, kwa macho ya kinga, ni kama mgeni aliyehamia mtaani baada ya mjumbe wa nyumba kumi kulifunga daftari lake. Kinachomlinda mgeni huyu ni ukuta. Ndani ya vijirija vya korodani kuna seli zinazoitwa Sertoli, zilizoshikana kiasi kwamba damu na mbegu changa hazikutani. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba hifadhi yote iko kwenye ukuta huo. Utafiti wa panya uliochapishwa 2017 ulionyesha mambo ni mapana zaidi: baadhi ya protini za mbegu huvuja kwenda nje kila siku, na zipo seli maalumu za kinga ambazo kazi yake ni kuituliza kinga isizifanyie vurugu. Mimi nauona huo kuwa ugunduzi mtamu kuliko yote katika uwanja huu, maana unaeleza kwa nini wengi wetu hatupati tatizo ingawa ukuta wenyewe haujaziba kabisa.

Utulivu huo huvurugika korodani inapojinyonga, inapopigwa vibaya, ikifanyiwa upasuaji, au mirija ikishambuliwa na maambukizi. Kufunga uzazi kwa mwanaume ndicho chanzo kinachojulikana zaidi: zaidi ya nusu ya waliokatwa mirija huwa na kingamwili dhidi ya mbegu, yaani protini ambazo kinga huzitoa kukishika kitu inachokiona kigeni. Mwaka 1954, Philip Rümke wa Uholanzi na Leo Wilson wa Marekani, kila mmoja kivyake, waliripoti wanaume wagumba ambao damu yao ilikuwa na kingamwili zinazozigandamanisha mbegu. Ukiziona chini ya hadubini hutasahau: zimeshikana vichwa kwa vichwa au mikia kwa mikia, zinahangaika bila kwenda popote. Wakati mwingine mbegu moja moja huonekana nzima kabisa, lakini ikiingia kwenye ute wa mlango wa kizazi hutetemeka palepale ilipo, haisogei.

Je, kingamwili peke yake inatosha kumfanya mwanaume asizalishe? Jibu safi zaidi ninalolijua lilitoka kwa nyani wa maabara. Mwaka 2004 watafiti waliwachanja madume tisa kwa protini ya mbegu iitwayo Eppin, wakitafuta njia ya uzazi wa mpango. Saba kati yao walipata kingamwili nyingi na wakashindwa kutungisha mimba. Chanjo ilipositishwa, watano kati ya hao saba walirudi kuzalisha. Kwa hiyo inawezekana, na mara nyingi hurekebika.

Sasa upande wa pili. Wanaume wengi waliokatwa mirija na baadaye wakaunganishwa tena huwa baba, kingamwili zao zikiwa bado zipo. Ndiyo maana siupendi ule utaratibu wa kumtoa mtu damu, kuona "chanya", na kumwandikia karatasi kama hukumu. Kingamwili zenye maana ni zile zilizokwisha kushika mbegu hai. Kipimo cha MAR hutumia vishanga vidogo sana vya plastiki vinavyozing'ang'ania kingamwili hizo. Tunahesabu mbegu zinazoogelea zikiwa zimebeba vishanga. Kwa miaka mingi mpaka uliotumika ulikuwa 50%: chini ya hapo, tafuta sababu nyingine kwanza. Na mwongozo wa Marekani wa 2020 kuhusu ugumba wa wanaume unasema wazi kwamba kipimo cha kingamwili kisifanywe katika uchunguzi wa mwanzo. Naukubali kwa moyo wote, hasa nikifikiria fedha ambayo familia ya Ngamiani au Pongwe inaitoa mfukoni.

Kwani hapa kwetu sababu nyingine hazijifichi. Kisonono na klamidia zilizotibiwa nusunusu, au kwa vidonge vya kubahatisha, huacha makovu yanayoziba njia ya mbegu. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha balehe huweza kuingia korodani na kuzisinyaza. Kichocho hufika hadi kwenye vifuko vya manii; mwanaume akiona damu kwenye manii, asinyamaze. Halafu kuna mabusha, ambayo mkoa wa Tanga unayajua vizuri kuliko mikoa mingi. Kituo cha Amani kule Muheza, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimechunguza matende na mabusha kwa miaka mingi. Minyoo inayoyasababisha, ambayo huenezwa na mbu, hupenda kukaa kwenye mishipa ya limfu ya mfuko wa korodani, na kwa altrasaundi huonekana ikicheza humo ikiwa hai. Busha si ugumba. Lakini korodani inahitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na maji mengi yaliyoizunguka hayaisaidii. Upasuaji wake upo, hivyo aibu ya kwenda kuonwa inaweza kumgharimu mtu kuliko maji yenyewe.

Iliyo ya kawaida kuliko zote hizo ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, varikoseli, ambayo mara nyingi huwa upande wa kushoto. Inakutwa kwa takriban 15% ya wanaume wote, na kwa wagumba hufika hata 40%. Daktari huigundua kwa mkono tu, mgonjwa akiwa amesimama. Siku hizi imeongezeka nyingine, sindano za testosteroni kwa vijana wa jimu: misuli inajaa, ubongo unadhani homoni imetosha, korodani zinafunga kazi.

Kinachonikera ni kumpokea mama aliyezungushwa hospitali tatu, amepigwa picha ya mirija, amekunywa dawa za miti, na mume hajawahi kutoa hata sampuli moja. "Mimi sina tatizo la nguvu, dada," ananiambia bwana huyo. Sawa kaka, lakini nguvu si mbegu. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango wake.

Kipimo chenyewe cha manii ni chepesi. Kaa bila kumwaga kwa siku mbili hadi saba, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa karibu na mwili ili isipoe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, limeweka viwango vya chini vya manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na 30% zinazokwenda mbele. Viwango hivyo vilitokana na wanaume waliokwisha kuzalisha, kwa hiyo aliye chini kidogo si lazima awe mgumba. Tena mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Ukiugua malaria kali leo, majibu mabaya ya mwezi ujao yanaweza kuwa ya homa ile. Rudia baada ya miezi mitatu kabla ya kuuza shamba kwenda kutibiwa.

Na kama MAR ikitoka juu kweli? Zamani wanaume wa aina hiyo walipewa steroidi, dawa za kuituliza kinga, kwa wingi, na baadhi yao waliharibikiwa mfupa wa nyonga, sizipendekezi. Mbegu zikiwa nyingi, zinaweza kuoshwa na kuwekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi. Ikishindikana, kuna njia iliyotangazwa Brussels mwaka 1992 ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Hapo mbegu haihitaji tena kuogelea, na kingamwili zilizoifunga mkia hupoteza sehemu kubwa ya madhara yake. Kwa njia hiyo itabidi safari ya Dar es Salaam, na bei iulizwe kabla ya kupanda basi.